Lenzi ya Mwanga Mdogo: Pima Chumba Chako Kabla Hujatoa Hela

Wapambanaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee lenzi. Kuna swali linajirudia kila siku kwa wanaouza nguo, vitenge na vyakula: "Nimepata kamera ya mtumba, lakini picha za usiku zina chenga na zimetikisika. Ninunue lenzi gani?" Jibu linalorushwa haraka huwa moja tu: "Chukua hamsini, f/1.8, umemaliza."

Jibu hilo linamfaa mmoja na linamtia hasara mwingine. Kabla hujatoa hela jiulize mambo mawili. Kwanza, unachokipiga picha kinatikisika au kimetulia? Pili, chumba unachopigia kina urefu wa mita ngapi? Ukishapata majibu hayo, kuchagua lenzi hakukupi shida tena.

Kwa nini huku Kigoma mwanga unatusumbua

Sisi wa mwisho wa reli jua letu linachelewa. Saa ni moja nchi nzima, lakini tuko magharibi sana, kwa hiyo linachomoza kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Mtu wa Dar akikushauri upige picha saa 12 na nusu asubuhi, huku bado giza. Jua linatoka karibu saa 1. Na dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mitumbwi inapoanza kurudi Kibirizi na Katonga alfajiri, mwanga bado hautoshi. Muuza dagaa anayetaka mteja wa Dodoma aone mzigo ukishushwa inabidi apige picha kwenye giza giza hilo.

Jioni tunalipwa deni letu. Jua linazama karibu saa 1. Ukiacha kazi ya kaunta saa 11 na nusu, una zaidi ya saa nzima ya mwanga wa bure, laini, usiochoma. Itumie hiyo wiki mbili kwanza. Kuna watu watagundua hapo hapo kwamba hawahitaji kununua chochote.

Lenzi hii ni kitu gani hasa

Kamera nyingi za kuanzia zinakuja na lenzi ya 18-55. Inavuta na kurudisha, na imeandikwa f/3.5-5.6. Maana yake, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake kubwa kabisa la kupitisha mwanga ni f/5.6.

Lenzi tunayoizungumzia haivuti. Ukitaka kusogea karibu, unasogea kwa miguu yako. Unachonunua ni ukubwa wa tundu: f/1.8. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8, mwanga unaoingia unakuwa karibu mara 10.

Tuseme ni usiku dukani, balbu moja juu. Lenzi ya 18-55 ikiwa imevutwa, ISO 1600, kamera inataka shata ikae wazi 1/15 ya sekunde. Hapo dada aliyevaa gauni akigeuza shingo tu, picha imeharibika. Weka lenzi ya f/1.8, ISO ileile, shata inakuwa kama 1/125. Anaweza kucheka, kugeuka, hata kutembea polepole, na picha ikatoka safi. Kazi yake ndiyo hiyo.

Swali la kwanza: kinatikisika?

Kama unauza mawese kwenye chupa, viatu, vyombo, sabuni au kitenge kilichotandazwa mezani, bidhaa yako imetulia. Haipumui. Huhitaji lenzi hii. Tafuta stendi ya miguu mitatu, au weka kamera juu ya kiti na mfuko wa mchanga chini yake. Weka ISO 100, tundu f/8, washa kitufe cha kuhesabu sekunde 2 ili mkono wako usiitikise, kisha acha shata ikae wazi sekunde nzima au mbili ikibidi. Picha itakuwa na chenga kidogo kuliko ya f/1.8 uliyoipiga mkononi kwa ISO 1600.

Tena kwa bidhaa zilizotulia, f/1.8 inaweza kukuangusha. Ukipiga na milimita 50 kwa f/1.8 kutoka mita 1, sehemu inayoonekana kali ina unene wa kama sentimita 3 tu. Panga chupa sita za mawese kwenye mstari unaorudi nyuma: moja inasomeka, tano zimefifia. Mteja anataka kuhesabu chupa na kuona rangi ya mafuta. Nyuma iliyofifia inapendeza kwenye picha ya harusi, lakini kwenye picha ya mzigo inaweza kuficha kile kile anachokilipia.

Sasa njoo kwa anayeuza magauni yakiwa mwilini, nguo za watoto, chakula kinachopikwa, au anayeonyesha fundi akishona. Stendi inaituliza kamera, haimtulizi mtu. Hapa ndipo lenzi ya f/1.8 inapolipa.

Swali la pili: chumba kina mita ngapi?

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Kamera nyingi za kuanzia za Canon na Nikon zina sensa ndogo kuliko filamu ya zamani, kwa hiyo lenzi ya 50 inaonyesha kama imevuta. Ukitaka mtu mzima aonekane kichwa mpaka viatu, kamera umeisimamisha wima, na nafasi kidogo juu na chini, unahitaji umbali huu kutoka kwake:

– Milimita 50: kama mita 4 na nusu
– Milimita 35: kama mita 3
– Milimita 24: kama mita 2 na kidogo

Ongeza nafasi ya wewe kusimama nyuma ya kamera, na nafasi kati ya mvaaji na ukuta wake. Sasa chukua futi ya fundi ukapime. Fremu zetu nyingi ni mita 3 kwa 3 au 3 kwa 4, na ndani kuna kaunta na shelfu. Ukinunua 50, utajikuta umesimama barazani unapigia mlangoni, watu wanapita katikati. Ukiuza mablauzi na vilemba, yaani unapiga kuanzia kiunoni kwenda juu, 50 inatosha kwenye mita 2 na nusu. Ukiuza madela na magauni marefu ndani ya chumba kidogo, angalia 35.

Huhitaji kukisia. Chukua 18-55 yako, izungushe mpaka kwenye 35, ibandike gundi ya karatasi isisogee. Fanya kazi zako zote kwa siku mbili hivyo hivyo. Kisha hamisha mpaka 50, siku mbili nyingine. Ile ambayo hukugonga mgongo ukutani ndiyo yako. Jaribio hili halina gharama.

Angalia na ukaribu. Kila lenzi ina umbali ambao chini yake haifokasi. Canon 50mm f/1.8 STM inaanzia sentimita 35. Nikon AF-S 50mm f/1.8G inaanzia sentimita 45, na Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G inaanzia 30. Kama kazi yako ni kuonyesha nakshi ya hereni, hakuna kati ya hizo itakayokusogeza karibu sana.

Je, kamera yako inaikubali?

Canon za zamani zenye kioo cha ndani (zile zenye lenzi za EF na EF-S): 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 inaingia bila shida. Kwa 35 ya bei nafuu, watu wanatumia Yongnuo 35mm f/2. Ipo pia Canon 24mm f/2.8, fupi na nyepesi, ila f/2.8 inaingiza mwanga chini ya nusu ya f/1.8. Kama shida yako ni giza, haitakusogeza mbali.

Nikon: kuwa makini hapa. Kamera za D3000 mpaka D3500, na D5000 mpaka D5600, hazina mota ya kufokasi ndani yake. Zinahitaji lenzi yenye mota yake. Ile 50mm f/1.8D ya zamani itaingia vizuri kabisa, lakini utafokasi kwa mkono kila picha. Hakikisha imeandikwa AF-S. Kwa wengi wenye Nikon hizo, 35mm f/1.8G ya DX ndiyo chaguo zuri la ndani ya duka.

Canon mpya za familia ya R: zinatumia lenzi za RF. Lenzi ya EF inakubali ukinunua kiunganishi. Lenzi ya RF haikai kwenye kamera ya zamani kwa njia yoyote. Muuzaji akikuambia "itaingia tu", mwambie aifunge mbele yako.

Na wewe wa simu: usishtuke ukiona simu yako nayo imeandikwa f/1.8. Sensa yake ni ndogo sana, ndiyo maana usiku bado ina chenga. Kipengele cha usiku kinaunganisha picha nyingi kuwa moja, kwa hiyo kinafaa bidhaa iliyotulia na kinaharibu mtu anayetembea. Kwako, stendi ndogo na mwanga wa jioni vinatangulia mbele ya ndoto ya kamera.

Piga hesabu kama ya mzigo

Lenzi ni mtaji. Tuseme unaipata kwa 320,000, na kwenye gauni moja unabaki na faida ya 8,000. Unahitaji kuuza magauni 40 ya ziada ili irudishe hela yake. Ya ziada, yaani yale ambayo bila picha hizo yasingeuzika. Kama picha zako nzuri za jioni tayari zinauza na tatizo ni mzigo kuisha, hela hiyo iende kwenye mzigo. Kama mzigo upo, watu wanauliza bei kisha wanakimbia wakiona picha, basi lenzi ina sababu.

Ukinunua mtumba, kagua hivi

1. Washa tochi ya simu, imulike upande mmoja wa lenzi, wewe tazama upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hizo ni fangasi. Achana nayo hata ikiwa bei ya kutupa. Vumbi dogo halina shida.
2. Ifunge kwenye kamera yako, siyo ya muuzaji. Piga kitu cha karibu, kisha cha mbali. Isikilize ikifokasi. Ikihangaika mbele na nyuma mchana kweupe, ina ugonjwa.
3. Piga maandishi kwa f/1.8, kisha kwa f/4, uzikuze kwenye skrini. f/1.8 kuwa laini kidogo ni kawaida. f/4 ikiwa laini, irudishe.

Tunakaa ziwani, unyevu upo. Ukishaipata, itunze kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiiache kwenye begi lililolowa.

Siku ya kwanza nayo

Usikae f/1.8 muda wote. Anza na f/2.8, shuka ukikosa mwanga. Fokasi jicho la mvaaji kwa picha ya mtu, na fokasi mshono kwa picha ya nguo. Ukiona mistari mistari ya giza kwenye picha za ndani, ni taa za LED za bei rahisi: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo weka shata 1/50 au 1/100 na mistari itapungua au kuisha. Usichanganye mwanga wa dirishani na wa balbu, rangi zitagombana. Na lenzi hairekebishi rangi: mawese mekundu yatakuwa ya njano kama hukupanga mizani ya weupe kwa karatasi nyeupe.

Mteja wa Tabora au Mwanza anakutumia hela hajakishika kitenge wala kunusa dagaa. Picha ndiyo mkono wake. Akifungua furushi akakuta rangi ileile na mshono uleule aliouona, atarudi, tena ataleta na shoga yake.

Kwa hiyo leo ukifunga duka, chukua futi. Pima kutoka ukuta unaosimamisha mvaaji mpaka ukuta wa nyuma yako. Iandike namba hiyo kwenye simu, na chini yake andika bidhaa tatu unazoziuza sana, kila moja na neno "imetulia" au "inatikisika". Ukienda dukani kuulizia lenzi, nenda na karatasi hiyo.