Kebo Fupi ya Intaneti: Ununue Tayari ama Ubane Mwenyewe? Soma Hii Kabla Utoe Doo

Umelipia intaneti ya megabiti 200, umeweka swichi mpya kwa saiba yako, lakini kompyuta moja haipiti 100 hata ufanye nini. Kabla upigie watu wa faiba kelele, cheki ule waya mfupi unaotoka kwa swichi. Mara mingi mchawi ni huyo.

Iko hivi. Ndani ya kebo ya Cat5e ama Cat6 kuna nyaya 8 zimesokotwa mbili mbili, yaani jozi 4. Kasi ya megabiti 100 inatumia jozi 2 pekee. Gigabiti, yaani megabiti 1,000, inataka zote 4. Waya mmoja ukikosa kugusa vizuri, mara mingi mashine zinashuka hadi 100 kimya kimya. Taa inawaka, intaneti iko, lakini unalipia kitu haikufikii.

Ya mita 1 hadi 3? Nunua tayari

Si uvivu, mse. Kebo fupi za kiwandani kwa kawaida zina nyuzi nyingi nyembamba ndani ya kila waya, so zinakunjika bila kukatika. Ile ya boksi la mita 305 mara mingi ni shaba moja nzima. Hiyo imeundwa ikae ukutani, si kuvutwa na kukanyagwa chini ya meza.

Hata plagi hutofautiana. Meno ya plagi ya nyuzi nyingi hutoboa katikati ya waya, ya waya mzima hushika pande mbili. Ukichanganya, inaweza kushika leo halafu ikuangushe siku wateja wamejaa.

Piga hesabu pia: krimpa, testa, plagi, na zile plagi utaharibu ukijifunza. Kwa kebo 3 hiyo doo hairudi.

Bana mwenyewe kama...

Waya unapita ukutani ama juu ya dari, tundu ni dogo plagi haipiti, ama una kazi ya kebo nyingi za urefu tofauti. Hapo krimpa inajilipa, na unaweza hata kuifanya hustle mtaani.

Shika plagi kiklipi kikiangalia chini na mdomo wa kuingizia waya ukikuangalia. Kutoka kushoto, panga hivi pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Kuna wasee husema rangi ni urembo tu, bora pande zote zifanane. Zii. Pini ya 3 na ya 6 lazima zitoke kwa jozi moja, ndio maana kijani inaruka bluu. Ukipanga vile unajiskia, testa ya bei rahisi itawasha taa zote 8 kama kawa, lakini jozi zimevunjwa, mawimbi yanaingiliana, na kasi inakufa. Hiyo ndiyo noma husumbua watu wiki mzima.

Usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 hivi, na hakikisha ganda la nje limeingia ndani ya plagi kabla ubane. Hilo ganda ndilo linabeba mvuto, si nyaya.

Jihadhari na shaba feki

Ukiwa Luthuli Avenue na bei inakuchekea sana, omba kipande ukwaruze waya kwa wembe. Ikibaki rangi ya shaba hadi ndani, fiti. Weupe ukitokea, kuna uwezekano mkubwa hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba. Inavunjika haraka, na kwa kamera za CCTV zinazopata stima kupitia kebo, waya unapata joto zaidi na kamera inaweza kukosa nguvu ya kutosha.

Kebo ikishaingia, usiamini taa. Fungua mipangilio ya mtandao kwa kompyuta uone kasi ya muunganisho. Ikisoma 1,000, tulia. Ikisoma 100 na vifaa vyote ni vya gigabiti, badilisha kebo kwanza kabla umwite fundi. Kebo moja mpya ni bei nafuu kuliko fundi kukuja kukuambia ununue kebo mpya.