Kutoka Dishini Hadi Chumbani: Intaneti ya Setilaiti Katika Nyumba za Kigali

Tarehe 27 Februari 2019, kutoka Kourou katika Guyana ya Ufaransa, roketi ya Soyuz ilipaa na setilaiti sita za mwanzo za kampuni ya OneWeb, na mojawapo ilipewa jina la Kinyarwanda, Icyerekezo, kwa ajili ya shule ya Mtakatifu Petro iliyo katika kisiwa cha Nkombo, ziwani Kivu, mahali ambapo kufikisha waya ni kazi ya gharama na mashaka. Miaka minne baadaye, Februari 2023, Starlink ikafungua huduma nchini Rwanda, na madishi yake yakaanza kuonekana juu ya mapaa ya Kigali. Watu wanaoniita kuwatengenezea mtandao nyumbani aghalabu huanza kwa kunyosha kidole mbinguni, wakiamini kwamba kasoro yote iko huko. Ilhali nikichunguza barabara, naiona kasoro imo baina ya dishi na kiti walichokalia.

Dhana hiyo ina asili yake. Setilaiti za zamani, zile zilizohudumiwa na kituo cha Longonot nchini Kenya tangu 1970, hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa kuwa mawimbi ya redio hayapiti mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, swali likipanda na kushuka, kisha jibu lake nalo likapanda na kushuka, karibu nusu ya sekunde imekwisha kupotea kabla ya chombo chochote cha ardhini kufanya kazi yake. Setilaiti za Starlink huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, na ikiwa moja iko utosini, safari hiyo hiyo ya mara nne haizidi sehemu nane katika elfu za sekunde moja.

Mbingu haikosi sehemu yake, bila shaka. Mvua kubwa za Machi hadi Mei huweza kukata mawasiliano kwa dakika kadhaa, nayo matawi ya mparachichi wa jirani hukata kila setilaiti inapopita nyuma yake. Hapa Kigali, takriban digrii mbili kusini ya ikweta, jambo hili lataka uangalifu zaidi, maana njia nyingi za setilaiti hizo zimeinamishwa digrii 53, zikasongamana karibu na latitudo za Ulaya na kutawanyika huku kwetu, hata tawi moja likiziba upande mmoja wa anga, hazibaki nyingi za kushika nafasi.

Lakini tuingie ndani. Nyumba ya Kigali imejengwa kwa matofali ya kuchoma na zege lenye nondo, ina milango ya chuma, na nyuma yake mna jiko la nje na vyumba vya kupangisha. Waifai ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, hudhoofika sana ikipenya kiambaza kimoja cha namna hiyo, na ikikuta zege la pili hubaki jina tu. Dawa yake ni kebo ya mtandao, ambayo hufika mita 100 bila taabu, ikaungwe na kisambazaji cha pili kule kunakohitajiwa. Endapo kebo yenyewe itavuka ua kutoka jengo hadi jengo, namsihi mwenye nyumba atumie nyuzi za kioo badala ya shaba, kwa sababu shaba hupitisha dhoruba ya radi, na radi za nchi hii si za kudharauliwa.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Mtu hununua ruta ya pili, akaichomeka nyuma ya ile ya kwanza, na zote mbili zikawa zinagawa anwani, kila moja ikijiona mtawala; simu iliyo sebuleni ikaingia mtandao mmoja, mashine ya kuchapa iliyo chumbani ikaingia wa pili, wala hazionani. Sharti ruta moja tu igawe anwani. Ama ya pili igeuzwe kuwa kisambazaji kitupu, ama ile ya kampuni iachishwe kazi hiyo katika mipangilio yake.

Fauka ya hayo, huduma ya kawaida ya Starlink huwatia wateja wengi chini ya anwani moja ya nje, kwa kuwa anwani za mtindo wa zamani, zisizofika bilioni 4.3 kwa dunia nzima, zilikwisha kugawiwa kwa mikoa ya dunia mnamo Februari 2011. Ni mfano wa wanafunzi wanaotumia sanduku moja la posta la shule: barua inayojibu barua ya mwanafunzi humfikia, kwa kuwa karani aliandika nani alituma, lakini ile inayokuja bila kutanguliwa na bila jina haina wa kupewa. Kwa hiyo mwenye kamera za ulinzi huko Kimironko, akisafiri Nairobi na kutaka kuzitazama moja kwa moja, atagonga asifunguliwe. Kamera inayopiga hodi yenyewe kwa seva ya mtengenezaji haina tatizo. Asiyeridhia picha za nyumba yake kupita mikononi mwa watu baki, afunge nyumbani kompyuta ndogo itakayofungua njia ya siri kutoka ndani kwenda nje, naye aingie kwa njia hiyo, au atumie anwani za mtindo mpya, IPv6, mradi ruta yake, kamera yake na mtandao wa huko aliko vyote vinazikubali, jambo linalofaa kuulizwa dukani kabla ya fedha kutoka mfukoni.