Nusu ya Remmy

Fundi alikuwa hajafunga mdomo tangu niingie kibandani mwake. Alishanieleza habari za goti lake, bei ya mchele, na vijana wanaomletea spika ndogo za kisasa zisizofunguka hata kwa shoka. Kisha akalegeza skrubu ya saba ya redio yangu (ya nane haikuwepo), akainua mgongo wake taratibu kama anayefunua sufuria ya wali, akachungulia ndani, akanyamaza.

"Mwanangu," akasema baada ya kitambo, "nani alikuwa fundi wenu?"

Sikujua. Redio ilikuwa ya marehemu baba. Niliikuta juu ya kabati la mama, imevishwa kitambaa cha kufuma, na ndani yake mna kanda ambayo yaelekea haikutolewa tangu siku baba alipoisikiliza mara ya mwisho. Nilikuja Magomeni nikitaka iimbe, basi. Mpira unaozungusha kanda ulikuwa umeyeyuka ukawa kama ubani uliotafunwa, na hilo nililitarajia.

"Nauliza kwa sababu huu waya haukukatika," akasema, akielekeza mwanga wa simu kwenye spika ya kulia. "Huu umekatwa."

Nikainama. Nyaya mbili, mwekundu na mweusi, zilikuwa zimekatwa kwa kitu chenye makali, kwa pigo moja, urefu uleule. Kila ncha ilizungushiwa utepe mweusi wa umeme, na mwisho wa utepe ukakunjwa ili usibanduke. Kisha nyaya zikalazwa kando ya sumaku ya spika na kufungwa kwa uzi wa cherehani, mafundo mawili. Aliyeifanya kazi ile hakuwa na haraka. Na spika yenyewe, Fundi alipoigusisha betri ndogo, ikatoa mlio mfupi wa afya njema kabisa.

Utoto wangu wote tulijua nyumbani kwamba spika ya kulia imekufa. Ilikuwa kama habari ya mjomba aliyeondoka mjini: hakuna aliyeuliza zaidi. Redio ilikaa kwenye kona, ikageuzwa ili spika nzima itazame makochi na ile iliyokufa ielekee cherehani ya mama. Kumbe miaka yote ilikuwa hai.

Kanda iliyokuwamo ni nakala ya Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila. Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kuelezwa Dokta Remmy ni nani. Mwenye shaka apande daladala ashuke Sinza kwa Remmy. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, akafariki Desemba 2010. Albamu hii ilitoka 1989 kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel, ambayo studio yake iko kijiji cha Box, Uingereza, katika jengo lililokuwa kinu cha kusagia kwa nguvu ya maji. Huku kwetu bendi zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania, wimbo ukarushwa hewani, na aliyeutaka akae tayari na kanda tupu, kidole juu ya kitufe, akimwomba Mungu mtangazaji asizungumze katikati. Viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi, na mpaka ukafungwa 1977.

Ubavuni mwa kanda baba aliandika kwa peni ya bluu: REMMY. Chini yake: USIFUTE. Na vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda alishavivunja, ili asitokee wa kurekodi juu yake. Nyimbo zake nilizijua kwa ghibu. Ndivyo nilivyoamini.

Fundi akatia mpira mpya, akabandua utepe, akachuna ncha za waya kwa meno, akaziunganisha kwa vidole tu bila kulehemu, akaniambia, "Sikiliza."

Kati ya spika na spika pakafunguka nafasi. Ndani ya nafasi ile mlikuwa na vitu ambavyo sikuwahi kukutana navyo: kamba ikijibu kamba, mkono ukigusa ngoma kwa mbali kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Na Remmy mwenyewe, aliyekuwa akiimbia pembeni tangu nikiwa darasa la tatu, akahama akaja kusimama katikati, mbele yangu. Fundi akaachia vidole: Remmy akarudi pembeni. Akavishika tena: akaja kati. Fundi alifurahi kama mtoto.

"Umemwona?" akaniuliza. Hakusema umemsikia.

Kila mwisho wa mwaka watu huulizana ni albamu zipi zilizowabadilisha, na kila mtu ana orodha yake. Sijaona hata orodha moja ambamo mtu anataja aliisikia kwa redio gani. Siku ile Magomeni nilianza kushuku kwamba nusu ya tunachokiita ladha ya muziki ni hali ya mashine zilizokuwa nyumbani kwetu. Nikamwambia Fundi. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yanalowesha.

Akachukua kanda nyingine iliyokufa, akauvuta utepe wake, akaulaza juu ya kidole. Utepe wa kanda hizi, zilizobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, una upana usiofika milimita nne, kama punje mbili za mchele zikilala ubavu kwa ubavu. "Sasa humu," akasema, "kuna Barabara ya Morogoro. Njia mbili za kwenda, mbili za kurudi. Za kwenda ni upande A, kushoto na kulia. Za kurudi ni upande B. Umeelewa?"

Nikaitikia.

"Hujaelewa. Tazama walivyozipanga. Kushoto na kulia za upande mmoja zimekaa pamoja, jirani. Yule mwenye redio ndogo ya spika moja, hedi yake ni pana, inafagia njia zote mbili kwa mara moja. Hakosi kitu. Anampata Remmy mzima, ila amekunjwa kama shuka. Sasa njoo kwa huyu mwenye redio kubwa ya kujionesha, kama ya mzee wako, Mungu amrehemu. Hedi yake imegawanyika, kila njia na spika yake. Spika moja ikinyamaza, njia nzima imefungwa. Huyo ndiye anayekula nusu."

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile. Albamu imeandikwa juu yake kwamba ni nyimbo za mtu maskini, na maskini mwenye redio ya spika moja aliipata yote. Sisi tulioinunua redio kubwa kwa mshahara wa mwalimu, kwa kudunduliza, na majirani wakaja kuitazama, tulisikiliza nusu kwa miaka ishirini na ushei.

Fundi ana nakala yake ya kanda hiyohiyo. Haina jalada, haina maandishi, na rangi yake imeshakuwa ya chai ya maziwa. Aliipata mwanzoni mwa miaka ya 90, wakati redio za kaseti zikipangwa foleni hadi nje ya kibanda, na tangu hapo ndiyo kanda yake ya kupimia. Kila fundi, anasema, alikuwa na kanda yake. Yupo aliyepimia kwa taarabu, yupo aliyepimia kwa Kurani, kwa sababu sauti ya msomaji mmoja haifichi kosa.

Nilimwomba anioneshe anavyopima, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndicho kitu kilichonifanya niandike makala haya.

Pembeni mwa hedi, kile kidude cha chuma kinachogusa utepe, kuna skrubu ndogo kama kichwa cha mchwa. Ikizungushwa robo ya robo, hedi inainama kidogo sana, kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Sikio linakiona. Fundi alisafisha hedi kwa pamba na spiriti, akawasha kanda, akaingiza bisbisi kwenye tundu, akafumba macho. Mwanzo muziki ulikuwa kama unaotoka chini ya blanketi. Akazungusha kidogo. Blanketi likaondoka: matoazi yakameremeta, herufi S midomoni mwa Remmy zikawa na ncha. Akazidisha, yakazama tena upande wa pili. Akarudi. Akaenda. Akarudi kidogo zaidi. Alipofika mahali pake, mabega yake yalishuka. Akatia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili isihame, akafumbua macho.

"Kuna mashine za kupimia hii," akasema. "Sijawahi kuwa nayo."

"Mwendo naupima vivyo hivyo," akaendelea. Nyuma ya mota kuna tundu. Ndani yake kuna skrubu nyingine. Anazungusha hadi wimbo utembee kama unavyotembea kichwani mwake. Aliwahi kumrudishia mteja redio iliyokuwa na mota mbovu, na mteja akarudi jioni ileile akiwa amekasirika, akidai ameharibiwa mali, redio sasa inakimbia. Kwa muda mrefu bwana yule alikuwa akiisikiliza kwa betri zilizochoka, anazianika juani asubuhi na kuzirudisha usiku, akazoea waimbaji walevi wenye sauti nzito.

"Ukafanyaje?"

"Nikampunguzia mwendo. Wimbo ni wake."

Nilimuuliza ni wimbo gani katika albamu ile anaoupenda zaidi. Nikataja Kipenda Roho, nikasubiri. Akacheka. Albamu nzima hajawahi kuisikiliza. Amesikia dakika mbili za mwanzo wa upande A, na dakika moja ya upande B pale utepe unapolegalega, mara ambazo hawezi kuzihesabu. Kinachofuata hakijui. Redio ikishakaa sawa anazima, anaita mwingine kwenye foleni.

Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania, na aliponiona nimeduwaa akaacha kucheka naye.

"Zamani nilikuwa nasikiliza maneno, kama watu wote," akasema. "Remmy si mtu wa maneno? Kile Kifo chake, nani hakulia? Halafu nikaanza kupimia kwa kanda hii. Mwaka wa kwanza nikawa nayasikia maneno na matoazi. Mwaka wa pili nasikia matoazi. Siku hizi nikienda msibani, vijana wakiweka Remmy, watu wanainamisha vichwa, mimi nasikia spika moja imepasuka karatasi. Naanza kuitafuta kwa macho ni ipi."

Nikamuuliza kama inamuuma.

"Kidogo." Akapangusa bisbisi. "Mke wangu alikuwa anasema siimbi tena."

Hakuongeza neno. Nami, niliyekuja na maswali saba kwenye simu, sikupata la kufuata hilo.

Tukarudi kwenye waya. Wazo lake la kwanza lilikuwa betri. Redio ile inakula betri sita kubwa, na wakati ule zilikuwa ghali. Watu walinyamazisha spika moja wakiamini wanapunguza ulaji. "Lakini hao wananyofoa tu. Hawafungi uzi." Wazo la pili likamjia akiwa ameshika chuma cha kulehemu mkononi, kinatoa moshi. Aliniuliza kama sikio la kulia la marehemu lilikuwa zima.

Nilifungua mdomo nijibu, nikagundua sijui. Nilikaa na baba miaka kumi na tisa chini ya paa moja. Najua alivyokunywa chai, najua aliegemea upande gani wa kochi. Sikio sijui.

"Nachojua mimi," Fundi akasema, "aliyefunga hivi hakuwa akiharibu. Mtu anayeharibu haviringishi utepe. Huyu alikata akijua kuna siku itaungwa." Akanitazama. "Sasa. Nilehemu, au niache kama palivyoachwa?"

Swali hilo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza kuhusu kitu chochote. Nilikaa kimya hadi yule aliyekuwa nyuma yangu na pasi yake ya umeme akaanza kuguna. Nikamwambia alehemu. Ule uzi wa cherehani akanirudishia, umekunjwa ndani ya kipande cha gazeti. Alinitoza mpira na kusafisha hedi. Ya waya hakunitoza.

Jumapili niliipeleka redio kwa mama, nikaiweka juu ya meza. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Wimbo ulipigwa hadi mwisho, magitaa yakitambaa huku na huku, Remmy amesimama kati kama mtu aliyelipiwa ukumbi. Mama hakusema ni mzuri wala ni mbaya. Katikati ya wimbo wa pili alininyooshea kidole nipunguze.

Nikamweleza habari yote, waya, utepe, mafundo mawili. Nikamuuliza kwa nini baba aliukata.

"Baba yako?" Alipuliza pumba, akatupa kijiwe dirishani. "Baba yako hata plaizi hakuwa nayo."