Nyota za Mchana: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukodi Basi

Mwalimu anapotangaza ziara ya planetariamu Nairobi, mzazi huanza na hesabu ya nauli. Kutoka Kericho ni zaidi ya kilomita 250 kwenda tu, na watoto wanatakiwa kurudi kabla ya giza. Muda mwingi wa siku utaishia barabarani.

Planetariamu ni kuba lenye giza ambamo projekta huonyesha anga. Mtoto hulala chali, mwendeshaji huharakisha usiku mzima ukapita kwa dakika chache, na nyota huonekana zikichomoza na kutua. Kwa wakazi wa Kericho na Bomet faida ni kubwa kuliko wanavyodhani. Eneo hili liko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo jioni za Mei Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa huwa angani pamoja. Mzungu wa London hauoni Msalaba huo kamwe akiwa kwao. Tatizo ni kwamba Mei ni msimu wa masika: mawingu yanayonawirisha chai ndiyo yanayoficha nyota.

Si lazima watoto wasafiri, hasa wa gredi za chini wanaochoka upesi. Travelling Telescope, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Mkenya Susan Murabana na mumewe Chu Owen, hupeleka shuleni darubini na kuba la kujazwa hewa. Shule mbili tatu jirani zikichangia, gharama inaweza kuwa nafuu kuliko mabasi. Kuba hilo huhitaji ukumbi wenye dari refu na sakafu kavu, pamoja na umeme usiokatika, kwani feni ikizima, kuba hunywea. Jenereta iwe tayari.

Watoto wa gredi ya 5 na 6 wanaweza kuandaliwa nyumbani. Chomeka kiazi kwenye kijiti, washa taa moja chumbani, mtoto akinyoshe juu kidogo ya kichwa huku akizunguka polepole. Ataona kiazi kikiandama kama mwezi mwandamo, kikijaa, kisha kikipungua. Akiingia kwenye kuba atakuwa na maswali.

Shule itakayoamua kusafiri ithibitishe siku na saa za kufunguliwa kabla ya kukusanya pesa, na iulize kama watoto watagusa vifaa au watatazama tu.