Mguu Uliopinda Hauna Mshtakiwa

Mitumbwi inaporudi Vitshumbi, kusini mwa Ziwa Edward, hakuna mama mchuuzi anayenunua samaki kwa kutazama ngozi tu. Anafunua matamvua aone kama bado ni mekundu, anabonyeza tumbo, ananusa, ndipo anapotaja bei. Marabu, wale ndege wenye vipara na mfuko unaoning'inia shingoni, hupita katikati ya watu wakidokoa matumbo ya samaki, wala hawafukuzwi kwa ubaya wa sura: wanasafisha. Lakini mtoto azaliwe na miguu iliyopinda ndani, na umakini huo wote hutoweka. Swali linalomfikia mchungaji ni lile lile, Vitshumbi na Goma: wazazi walifanya nini?

Ni swali kongwe. Katika Yohana 9 wanafunzi wa Yesu waliliuliza mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu, wakitaka kujua aliyekosa ni yeye au wazazi wake. Walijibiwa kwamba si yeye wala si wazazi. Jibu hilo husomwa makanisani mwaka baada ya mwaka, na waumini wakishatoka nje wanaendelea kumtafuta mkosaji.

Wenye kushikilia kwamba ulemavu ni laana hawakosi andiko. Hukimbilia Mambo ya Walawi 21, panapomzuia kuhani kilema kukaribia madhabahu, kisha hufunga kitabu kabla ya kufika mstari wa 22. Mstari huo unasema kuhani huyo huyo anakula mkate wa Mungu wake, ule mtakatifu na ule mtakatifu sana. Angekuwa amelaaniwa, angekula hapo kwa ruhusa ya nani? Sheria ile ilipanga huduma ya madhabahu ya kale. Haikusema neno juu ya dhambi ya mama yake, na kuitumia leo kumnyima mtu mimbari au nafasi katika kwaya ni uvivu wa kusoma.

Afadhali wangesoma habari za Mefiboshethi. Samweli wa Pili 4:4 inaeleza ulemavu wake ulivyoanza: alikuwa na miaka mitano, habari za kifo cha babu yake Sauli na baba yake Yonathani zikafika, yaya akambeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka. Ni mtoto wa vita, aliyeumia familia yake ikikimbia. Rutshuru na Masisi kuna watu wazima wanaoweza kusimulia maisha yao kwa maneno hayo hayo. Sura ya tisa, Daudi anamketisha mezani pake siku zote, wala hamtaki atubu kwanza. Yakobo naye alianza kuchechemea usiku ule ule aliobarikiwa, jambo ambalo wahubiri wa laana hulipita haraka sana.

Hata andiko linalopendwa kuliko yote, la nabii Samweli kuvutiwa na urefu wa Eliabu, kaka yake Daudi, na Mungu kumwambia kwamba yeye hutazama moyo, limegeuzwa kuwa pole kwa wasio na sura nzuri. Mistari mitano mbele, Daudi mwenyewe anasifiwa kwa uzuri wake. Kwa hiyo kisa hakimpi mtu alama kwa kuwa mbaya wala hakimpunguzii kwa kuwa mzuri. Kinachokaripiwa pale ni jicho la nabii.

Na mguu wenyewe? Miguu kifundo, ambayo wauguzi wa Goma huiita pied bot, humpata takriban mtoto mmoja katika kila 800 hadi 1,000 wanaozaliwa duniani. Mara nyingi chanzo hakijulikani kikamilifu, ingawa urithi una sehemu yake. Wavulana hupatwa karibu mara mbili ya wasichana. Anayesisitiza kwamba ni adhabu ya dhambi ya wazazi atueleze kwa nini adhabu hiyo inawapenda wavulana.

Hasara kubwa hutokea katika vyumba vya maombi. Mama huambiwa afunge kavu, anunue mafuta ya upako, atoe sadaka ya "mbegu", akae wiki kadhaa akisubiri ukombozi. Baadaye, muujiza usipotokea, kidole humgeukia bibi au mtoto mwenyewe: mchawi. Kuombea mgonjwa ni wajibu wa Mkristo, hilo halina mjadala. Lakini kumweka mtoto chumbani huku mifupa yake ikizidi kukomaa ni kumwongezea ulemavu kwa jina la Yesu. Na kumwita mtoto mchawi ni kosa la jinai: Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 imeweka kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu.

Na wale ambao hawakutibiwa utotoni? Kwa miaka mingi wafanyabiashara wenye ulemavu wamevusha mizigo kati ya Goma na Gisenyi kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakilisha familia. Waumini wanaonunua unga kwao katikati ya wiki huwaona ombaomba siku ya Jumapili.

La kufanya, basi. Mtoto apelekwe hospitalini katika wiki za kwanza, asisubiri "akue kidogo". Kukanda kwa mafuta peke yake hakunyooshi. Njia ya Dokta Ignacio Ponseti hutumia plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, na mara nyingi mkato mdogo kwenye kano ya kisigino. Mjini Goma, waulize HEAL Africa. Kwa viungo bandia na vifaa vya kutembelea, kituo cha Shirika la Umoja. Kutoka Vitshumbi ni zaidi ya kilomita 100, njia imekuwa ya mashaka tangu waasi wa M23 waingie kijijini Machi 2024, na plasta za kila wiki humlazimu mama kulala mjini zaidi ya mwezi: sadaka ilipe nauli, chakula na malazi. Kanisa nalo lijenge mteremko mlangoni kwa wenye baiskeli za magurudumu matatu.

Halafu, plasta zikiisha, vipo viatu vyenye kijiti katikati: huvaliwa karibu saa 23 kwa siku miezi mitatu ya mwanzo, kisha wakati wa kulala hadi mtoto afikishe miaka minne au mitano. Wazazi wengi huviacha mapema kwa sababu mguu unaonekana umenyooka, nao hurudi kupinda. Akina mama wa kanisa wanaotembelea nyumba hiyo waulize kama viatu vilivaliwa jana usiku.