Usuli: Kifo cha Mtoto Mchanga katika Zama za Victoria

Mtahiniwa, ukikutana na kifo cha mtoto katika kitabu teule, usikimbilie kuandika "mwandishi ameonyesha huzuni". Tazama kwanza enzi.

Chukua mfano wa Nyali. Julai 1844, Rosine, mkewe mmishenari Ludwig Krapf, alifariki Mombasa kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua. Mtoto wao akamfuata muda mfupi baadaye. Rosine alizikwa bara, upande wa Nyali. Usimlaumu mzazi: ilikuwa 1897 ndipo Ronald Ross alipogundua vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Uingereza kwenyewe, enzi hizo, takriban watoto 150 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kenya, utafiti wa 2022 ulionyesha 32. Hicho ni kiwango, si idadi ya jumla. Watahiniwa wengi huvichanganya wakapoteza alama.

Basi jibu lako lieleze nani amefariki, kwa nini, na kifo hicho kinafichua nini kuhusu jamii. Na ukumbuke: hata hao 32 wana mama zao.