Mkanda wa injini ukilia asubuhi, usikimbilie sabuni

ASUBUHI na mapema, hasa baada ya usiku wa mvua, si ajabu kusikia mlio mkali ukitoka katika gari linalowashwa uani kwa jirani. Mlio huo hudumu sekunde chache kisha hupotea, na mwenye gari huondoka akiamini kuwa tatizo limekwisha. Kwa kweli gari limemwonya.

Mara nyingi mlio huo hutoka katika mkanda wa mpira ulio mbele ya injini, ambao wengi huuita feni belti. Jina hilo limebaki tangu enzi mkanda ulipokuwa ukizungusha feni. Siku hizi feni za magari madogo mengi hutumia umeme, lakini mkanda bado huzungusha alterneta inayochaji betri na, katika magari mengi, pampu ya maji, pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi.

Mkanda hulia unapoteleza juu ya puli badala ya kuishika. Hutokea zaidi wakati wa kuwasha gari kwa kuwa betri imetoka kutumia umeme mwingi, hivyo alterneta huwa nzito kuzungushwa. Hutokea pia dereva anapowasha kiyoyozi au anapokunja usukani hadi mwisho.

Katika gari la siku nyingi, sababu kubwa ni nne: mkanda umelegea, umechakaa, umelowa oili au maji ya rejeta, ama kuna puli iliyokaa upande au beringi iliyokufa.

Kipo kipimo rahisi cha kuzitofautisha. Injini ikiwa inanguruma na gari limesimama, nyunyizia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda, huku ukihakikisha kanga, tai au mikono ya shati havisogei karibu. Mlio ukizidi, yaelekea mkanda umelegea. Ukikoma kwa muda kisha ukarudi, huenda puli hazijapangana sawasawa. Usipobadilika, fundi achunguze beringi.

Baada ya hapo zima injini, toa ufunguo na utazame mkanda wenyewe. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi, katika magari mengi ya zamani hutakiwa kubonyea kama sentimita 1; kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Magari yenye kikaza mkanda cha springi hayakazwi kwa mkono: springi ikichoka, kikaza hubadilishwa. Mkanda wenye nyufa au unaong'aa kama kioo umekwisha. Mikanda ya kisasa haipasuki kwa urahisi, bali mifereji yake hulika taratibu kama tairi linavyoota kipara.

Wapo madereva na mafundi wanaopaka sabuni ya kipande au oili ili kuunyamazisha. Sabuni haikazi mkanda uliolegea, na oili huharibu mpira na kuongeza utelezi. Mkanda uliolowa oili hauna tiba: ziba kwanza mahali panapovuja, kisha weka mpya.

Kosa la pili ni kukaza kupita kiasi. Mlio hukoma, lakini beringi za alterneta na pampu ya maji hubeba mzigo usio wake na kufa mapema. Hata mkanda mpya hunyooka kidogo, hivyo katika gari linalokazwa kwa mkono, rudi gereji baada ya siku chache ukaangaliwe.

Mkanda ukikatika njiani, taa ya betri huwaka na usukani unaoutegemea huwa mzito. Kama ndio unaozungusha pampu ya maji, injini huchemka ndani ya dakika chache. Gasketi huungua na silinda hedi huweza kupinda. Dereva anapaswa kuegesha mara moja mahali salama, kuzima injini na kutofungua mfuniko wa rejeta mpaka ipoe.

Mkanda ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu katika gari. Kutengeneza silinda hedi ni miongoni mwa kazi za gharama kubwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mlio wa asubuhi ndio ufa wenyewe.